Motere ya mtumbwi kwa fundi: malalamiko ya wateja yanatoka wapi

Kwa mwenye mtumbwi wa Baraka, Kalemie, Idjwi ao Minova, mara nyingi motere iko bei kuliko mbao zote za chombo. Njo maana kuiacha garajini kunaogopesha. Unarudi nyumbani mikono mitupu, na siku zote motere iko kwa fundi hakuna samaki wala abiria. Wateja wa magaraji ya ziwani wana malalamiko yao, na yanarudi yaleyale kila mara.

La kwanza, na ni kubwa: "Motere imetengenezwa juzi, leo imekufa tena." Mara nyingi ni motere iliyobadilishiwa pisto na segma. Motere nyingi za huku, za nguvu za farasi 15 mpaka 40, zinachanganyiwa mafuta ndani ya esanse. Kwa kawaida Yamaha za namna hiyo zinaomba lita 1 ya mafuta kwa lita 50 za esanse, ni kusema mililita 400 ndani ya bido ya lita 20. Lakini motere yenye pisto mpya ni kama motere mpya. Kwa saa 10 za kwanza inaomba mafuta mara mbili, lita 1 kwa lita 25, basi mililita 800 kwa bido ileile, na haipashwi kusukumwa kwa nguvu yote. Sasa mteja amekaa wiki mbili bila kazi, ana deni, anatoka garajini asubuhi na saa sita mchana mtumbwi umejaa magunia. Anafungua gazi mpaka mwisho. Pisto inapata moto, inakamata ndani ya silindri, na hapo ugomvi unaanza. Fundi anasema umeua motere mwenyewe, mteja anasema hukunifanyia kazi. Kwa maoni yetu, fundi asiyemwambia mteja jambo hilo mbele ya kupokea feza hajamaliza kazi yake, hata kama mikono yake ni mizuri.

Jambo la pili ni maji. Motere hizi zinapozwa na maji ya ziwa yanayovutwa na kigurudumu cha mpira ndani ya pompi, huku chini. Lile tobo linalokojoa maji nyuma ya motere njo alama yake. Likikauka, zima motere palepale, tafuta kama ni sashe ao majani yamezibisha. Mpira ule unakula mchanga: watu wa Uvira, karibu na mdomo wa Ruzizi, wanajua namna maji yanavyokuwa matope wakati wa mvua. Kipande kile ni kidogo, lakini kisipobadilishwa kinaweza kukugharimu silindri nzima. Tena usimwache mtu yeyote, fundi ao mwanafunzi wake, awashe motere yako pakavu "kusikia sauti tu". Mpira unazunguka bila maji, na muda mfupi sana unatosha kuuchoma.

Kisha kuna maneno ya kubadilishiwa mapiyesi. Mteja ameacha karburateri nzuri, amerudishiwa ya zamani. Amelipa mabuji mapya, amewekewa yaliyosuguliwa kwa burashi. Si magaraji yote, tuseme ukweli, na mafundi wazuri wanaumizwa na sifa hiyo. Dawa yake ni rahisi: mbele ya kuacha motere piga picha za namba yake na za ndani kifuniko kikiwa wazi, andikisha kwenye karatasi shida uliyoleta, avansi uliyotoa na siku ya kurudi, wote wawili mutie sahihi. Omba kila kipande cha zamani kirudishwe mikononi mwako. Fundi anayekataa hilo, heri utafute mwingine.

Kuhusu bei, chanzo cha ugomvi mara nyingi ni piyesi zinazotoka mbali. Dolari inapanda, ao mzigo unakawia mpakani. Tofautisha malipo ya kazi na bei ya piyesi, na ukiweza nunua piyesi wewe mwenyewe.

Siku ya kuchukua, usiridhike na pipa. Ndani ya pipa la maji motere inaonyesha kama inawaka na kama inakojoa, basi. Haionyeshi kama ina nguvu ya kusukuma chombo. Shuka ziwani pamoja na fundi, muendeshe karibu na kando kwa nusu saa, bila abiria. Angalia pia mafuta ya huku chini kwenye meno ya elisi: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, joini haishike.

Hatuandiki haya kwa ajili ya feza peke yake. Kwenye Tanganyika, kusi ya miezi ya kiangazi inainua mawimbi ambayo mtumbwi uliozimikiwa motere hauwezi kuyapa uso. Unageuka ubavu na unajaa. Kwa hiyo hata ukitoka kwa fundi bora, beba kafi mbili, mabuji ya akiba na ufunguo wake, na jile za kutosha watu wote walio ndani.

Mkishindwa kusikilizana na fundi, peleka ile karatasi kwa komite ya wavuvi ao ya wenye mitumbwi ya bandari yenu. Wanajua motere na wanamjua fundi. Mara nyingi shauri linakatwa siku hiyohiyo.