Ngome Zilianguka, Kitanda cha Mgonjwa Kikabaki

Somo: Mathayo 25:31-46

Leo tujifunze jambo kutoka kwa shirika moja la ndugu zetu Wakatoliki.

Kabla ya Vita vya Msalaba, wafanyabiashara wa Amalfi, mji wa Italia, walijenga mjini Yerusalemu nyumba ya kutunza wasafiri na wagonjwa. Baadaye msimamizi wake alikuwa Gerard. Mwaka 1113 Papa Paskali wa Pili alilithibitisha Shirika hilo la Mtakatifu Yohana. Watawa wale waliwaita wagonjwa mabwana zao, wakampokea hata Mwislamu na Myahudi.

Lakini Gerard alipokwisha kufa, walishika na upanga. Kulinda wasafiri kukageuka kuwa kazi ya vita. Wakajenga ngome kubwa kubwa, nazo zikawaponyoka moja baada ya nyingine: Yerusalemu mwaka 1187, Acre mwaka 1291, kisiwa cha Rhodes mwaka 1522. Mwaka 1530 walipewa Malta. Huko merikebu zao za vita zilivutwa kwa makasia na watumwa. Mwaka 1798 Napoleon akawanyang'anya kisiwa hicho kwa siku chache tu.

Je, ndio ukawa mwisho wao? La. Mwaka 1834 waliweka makao Roma, bila kisiwa wala manowari, wakairudia kazi ya kwanza. Leo wana hospitali ya wazazi Bethlehemu, na akina mama Waislamu na Wakristo hujifungulia humo.

Sisi Waprotestanti tusiwanyoshee kidole, maana baba zetu nao walipigana kwa jina la dini. Tena mema yao yametufikia. St John Ambulance, tunaowaona hapa Kenya na huduma ya kwanza, si chama cha Kikatoliki. Kilianzishwa Uingereza mwaka 1877. Lakini jina lake na msalaba wake wenye ncha nane asili yake ni watawa wale.

Mpendwa, kanisa lako nalo lina ngome zake: jengo jipya, viti vya mbele, ugomvi wa uongozi. Wakati tunapovipigania hivyo, ni nani anayemwendea mzee aliyelala ndani mwezi wa tatu sasa? Siku ile Bwana atatuuliza habari za huyo mzee.

Juma hili, nenda ukamwone. Mungu akubariki.