Vidonge vya vitamini D kwa wagonjwa wa figo: vinachofanya na visichofanya

Ikiwa una ugonjwa wa figo wa muda mrefu, huenda umeandikiwa kalsitrioli au alfakalsidoli. Hizi ni aina za vitamini D zilizotengenezwa kwa ajili ya watu ambao figo zao zimedhoofika. Vitamini D ya kawaida, inayotokana na jua au vidonge vya dukani, hupita kwanza kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo mwili uweze kuitumia. Figo zikiharibika, hatua hiyo ya mwisho hukwama. Kalsitrioli haihitaji kubadilishwa tena. Alfakalsidoli hupita kwenye ini tu.

Watu wengi hudhani dawa hizi huponya figo. Haziponyi. Kazi yake kubwa ni kulinda mifupa. Figo zinaposhindwa, tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni nyingi mno, nayo huondoa kalsiamu kwenye mifupa. Dawa hizi huzituliza tezi hizo. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2017 unashauri kwamba wagonjwa wazima ambao hawajaanza kusafishwa damu wasipewe kwa mazoea. Ziachiwe walio katika hatua ya 4 na ya 5 ambao homoni hiyo imepanda sana na inazidi kupanda. Kwa hiyo, ikiwa jirani anazimeza na wewe hukupewa, usidhani umenyimwa matibabu.

Hatari iko kwenye kalsiamu. Dawa hizi huufanya utumbo ufyonze kalsiamu zaidi, na ikizidi kwenye damu, inaweza kuziumiza figo zilezile unazojaribu kuzilinda. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara nyingi, kichefuchefu, kukosa choo, uchovu na kuchanganyikiwa. Ukiziona, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na uulize kabla ya kumeza dozi inayofuata. Mweleze mhudumu kila unachotumia, hata vidonge vya kiungulia, kwani baadhi yake vina kalsiamu.

Jambo moja huwatia watu hofu: kipimo cha kreatinini kupanda baada ya kuanza dawa. Wakati mwingine hupanda kidogo bila uwezo wa figo kuchuja damu kupungua. Lakini pia kinaweza kupanda kwa sababu kalsiamu imezidi. Kreatinini peke yake haitofautishi mambo haya mawili, hivyo uliza kama kalsiamu nayo imepimwa.

Usigawane vidonge. Kidonge cha kalsitrioli mara nyingi kina mikrogramu 0.25 tu, na hakiwezi kubadilishwa na vitamini D ya dukani kwa kuhesabu namba zilizo kwenye pakiti.

Ukihamishiwa makazi mengine au ukipewa rufaa, beba pakiti ya dawa, karatasi ya dozi na majibu yako ya mwisho ya kalsiamu, fosfeti na kreatinini.