Jihadhari na minada ya uongo na barua pepe za walaghai

ANAYENUNUA bidhaa katika mnada wa mtandaoni huiona kwa picha tu, na muuzaji hamjui. Kinga yake kubwa ni tovuti yenyewe. eBay, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka wa 1995, huhifadhi kumbukumbu za mauzo ili anayedhulumiwa apate pa kulalamikia. Ndiyo maana mlaghai hujitahidi kwanza kumtoa mnunuzi nje ya tovuti.

Aghalabu humwinda aliyeshindwa mnadani. Humwandikia kwamba mshindi amekosa fedha, hivyo bidhaa ni yake iwapo atamtumia muuzaji pesa moja kwa moja. Ni kweli kwamba eBay huruhusu mshindani aliyefuata kupewa nafasi ya pili, lakini nafasi halali hulipiwa ndani ya tovuti.

Wauzaji nao hawajasalimika. Mnunuzi bandia hutuma hundi ya kiasi kikubwa kuliko bei, kisha huomba arejeshewe ziada. Fedha zaweza kuonekana katika akaunti kabla ya benki kugundua kwamba hundi ni ghushi. Kufikia hapo, ziada imekwisha kutumwa na hasara ni ya muuzaji.

Hila nyingine ni barua pepe inayojidai kutoka benki au tovuti ya mnada, ikitisha kwamba akaunti itafungwa usipoithibitisha mara moja. Ukibofya kiungo chake, hukupeleka kwenye ukurasa unaofanana na ule halisi, na neno la siri utakaloandika humwendea mwizi.

Chunguza anwani kwa makini. Inayoanza kwa ebay.com kisha ikaendelea kwa nukta na jina jingine huenda isiwe ya eBay. Alama ya kufuli nayo haithibitishi uaminifu. Huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa yakiwa njiani. Lililo salama ni kuacha kiungo hicho na kuandika anwani ya tovuti wewe mwenyewe.

Ukigundua umenaswa, badilisha neno la siri, ipigie benki kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yako, uhifadhi ujumbe huo na kupiga ripoti kwa polisi. Sheria ya Kenya kuhusu uhalifu wa kompyuta ya 2018 iliweka faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili, kwa anayetumia hila hiyo.

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Anayekuhimiza ulipe sasa hivi hataki upate muda wa kuuliza.