Panya wa kuzalisha wapewe protini kiasi gani?

Maabara zinazofuga panya kwa ajili ya utafiti hukutana na swali hili kila zinapoagiza chakula. Mifuko ya dukani huandikwa asilimia 14, 18, 20 au hata 23 ya protini, na tofauti ya bei si ndogo. Katika makala hii tunaeleza namba hizo zina maana gani, nani katika kundi anahitaji ipi, na kwa nini kukosea hapa kunaweza kuharibu utafiti mzima.

Panya tunaowazungumzia ni wale weupe wa maabara, ambao asili yao ni panya wa kahawia anayeitwa kitaalamu Rattus norvegicus. Ukoo maarufu wa Wistar ulianza kuendelezwa mwaka 1906 katika taasisi ya jina hilo mjini Philadelphia, Marekani.

Kwa nini tuanze na mama anayenyonyesha?

Panya jike aliyekomaa huwa na uzito wa gramu 250 hadi 300. Hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23 na mara nyingi huzaa watoto kati ya 8 na 14. Tuchukue mfano wa watoto 10. Siku ya kuzaliwa kila mmoja ana gramu 6 hivi, kwa hiyo wote kwa pamoja wana gramu 60. Baada ya siku 21, wanapoachishwa kunyonya, kila mmoja anaweza kufikia gramu 45. Jumla yao sasa ni gramu 450, yaani wamempita mama yao kwa uzito.

Karibu mwili wote huo umejengwa kwa maziwa, kwa sababu watoto huanza kutafuna chakula kigumu katika wiki ya tatu tu. Maziwa ya panya yana protini zaidi ya mara mbili ya ile iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Ndiyo maana mama hula mara mbili hadi tatu ya kiasi alichokuwa akila kabla ya mimba. Chakula kisipokuwa na protini ya kutosha, hata akila sana, mama huanza kuchota kwenye misuli yake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wapya hulisahau. Panya jike anaweza kupandwa tena ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Dume akiachwa ndani ya kizimba, mama atanyonyesha huku akiwa na mimba mpya, na mahitaji yake yatapanda zaidi.

Wataalamu wanapendekeza kiasi gani?

Mwongozo unaotumika sana ni wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, uliotolewa mwaka 1995. Unataja asilimia 15 ya protini kwa panya wanaokua na kwa majike wanaozaa, na asilimia 5 tu kwa mkubwa anayehitaji kudumisha mwili wake. Lakini namba hizo ni za protini iliyo bora na yenye uwiano mzuri. Ni kiwango cha kuzuia upungufu, hazikuwekwa kama lengo la kila mfuko.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 1993, kamati ya Taasisi ya Lishe ya Marekani ilichapisha kanuni mbili za kuchanganya chakula. Ya kwanza, AIN-93G, ni ya ukuaji, mimba na unyonyeshaji, na ina gramu 200 za kaseini, yaani protini ya maziwa, katika kila kilo ya chakula. Ya pili, AIN-93M, ni ya wakubwa wasiozaa, na ina gramu 140. Kamati hiyo iliona kwamba chakula kimoja hakifai kwa umri wote.

Vyakula vya kawaida vya maabara hutengenezwa kwa nafaka, soya na wakati mwingine unga wa samaki. Protini yake haina uwiano kamili kama ile ya maziwa, kwa hiyo watengenezaji huweka ziada. Vya kuzalishia huwa kati ya asilimia 18 na 23, na vya kudumisha wakubwa huwa karibu na 14.

Je, asilimia iliyoandikwa kwenye mfuko inatosha?

Haitoshi. Kwanza, namba hiyo hupatikana kwa kupima naitrojeni na kuizidisha mara 6.25. Kipimo hicho kinaonyesha wingi wa protini, hakionyeshi ubora wake. Protini hujengwa kwa asidi amino, na baadhi yake mwili wa panya hauwezi kuzitengeneza.

Jambo hilo lilionyeshwa na panya wenyewe. Mwaka 1914, Thomas Osborne na Lafayette Mendel wa Marekani walieleza majaribio ambayo panya walilishwa protini kuu ya mahindi, iitwayo zeini, kama protini yao pekee. Panya walipungua uzito. Walipoongezewa triptofani waliacha kupungua, na walipoongezewa pia lisini wakaanza kukua. Kwa hiyo mfuko wa asilimia 20 uliojaa protini ya mahindi unaweza kuwa duni kuliko wa asilimia 16 wenye soya na samaki. Cha kumuuliza muuzaji ni kiasi cha lisini na methionini.

Pili, joto hupunguza lisini inayoweza kutumika na mwili. Maabara zinazoua vijidudu kwa kupika chakula katika mvuke zinapaswa kununua chakula kilichotengenezwa kwa ajili hiyo. Uhifadhi nao una nafasi yake: chakula cha nafaka kwa kawaida hutumika ndani ya miezi 6 tangu kilipotengenezwa.

Tatu, panya hula kwa kufuata nishati. Chakula chenye mafuta mengi humshibisha mapema, hivyo protini lazima iwe na asilimia kubwa zaidi ili apate gramu zilezile.

Na nne, kuna suala la vitafunwa. Ukichanganya nusu kwa nusu chakula cha asilimia 20 na mahindi yenye asilimia 9, unachompa panya sasa ni asilimia 14.5. Umelipia chakula cha kuzalishia lakini mama anakula kinacholingana na cha kudumisha mwili, tena chenye lisini pungufu.

Protini ikipungua hutokea nini?

Dalili za kwanza huonekana kwa watoto. Huzaliwa wachache au wadogo, hukua polepole, na wengine hufa kabla ya kuachishwa kunyonya. Mama hukonda, manyoya hupoteza mng'ao, na muda kati ya uzazi mmoja na mwingine hurefuka.

Madhara mengine hayaonekani kwa macho. Katika miaka ya 1990, watafiti nchini Uingereza waliwalisha panya wenye mimba kaseini asilimia 9 badala ya 18. Watoto wao walikuja kuwa na shinikizo la damu la juu, ingawa wao wenyewe hawakunyimwa protini baada ya kuachishwa. Fikiria basi maabara inayojaribu dawa ya moyo kwa panya ambao mama zao hawakushiba protini. Matokeo yatakuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeipanga, na huenda hakuna atakayeigundua.

Je, si salama zaidi kuzidisha?

Hapana. Protini isiyotumika huvunjwa, na naitrojeni yake hutoka kwa mkojo. Kwenye matandiko ya kizimba bakteria huigeuza kuwa amonia, hewa kali inayochoma macho na pua. Panya wengi hubeba vimelea vya mapafu, na amonia huzidisha ugonjwa huo.

Figo nazo huathirika. Panya wa maabara, hasa madume, hupata ugonjwa wa figo unaoendelea kadiri wanavyozeeka, na protini nyingi kwa muda mrefu huuharakisha. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu uliacha chakula chenye takriban asilimia 23 ya protini na kutumia kingine, NTP-2000, chenye karibu asilimia 14, kwa panya wa majaribio ya muda mrefu.

Uamuzi ufanyweje?

Tunashauri kuwagawa panya kwa kazi zao. Majike wenye mimba, wanaonyonyesha na watoto wanaokua wapewe chakula cha asilimia 18 hadi 20 chenye protini bora. Majike waliostaafu uzazi, na madume wasio kwenye vizimba vya kupandia, wahamishiwe kwenye asilimia 14. Mabadiliko yafanyike taratibu kwa takriban wiki moja, na yasifanywe katika siku za kuzaa.

Baada ya hapo daftari ndilo litakaloamua. Kwa kila uzazi andika mambo manne: idadi ya waliozaliwa, idadi ya walioachishwa, uzito wao siku ya 21, na siku zilizopita tangu uzazi uliotangulia. Uzazi mmoja mbaya hauthibitishi chochote, kwani kelele, joto au ugonjwa huleta matokeo yaleyale. Lakini ikiwa mama wengi wanaachisha watoto wepesi, na maji, joto na afya viko sawa, hapo kuna sababu ya kupandisha kiwango. Kama watoto ni wazito na wengi tayari, kuhama kutoka 20 kwenda 23 kutaongeza gharama na amonia tu.

Vipi kuhusu panya buku wa Morogoro?

Wasomaji wetu wengi wanawajua panya wa shirika la APOPO, wanaozalishwa na kufundishwa mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ili kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Hao ni panya buku, spishi nyingine kabisa: ni wakubwa zaidi, huzaa watoto wachache na huishi miaka mingi kuliko panya mweupe. Namba tulizozitaja hapa zisihamishiwe kwao moja kwa moja. Kinachohamishika ni utaratibu: kutenganisha wanaonyonyesha na wasiozaa, kuuliza ubora wa protini pamoja na wingi wake, na kupima watoto kabla ya kubadilisha chakula.