Farasi wa Kurasani: Tarehe ya Riwaya za Vijana

Riwaya iliyofungua njia ya vitabu vya farasi haikuandikiwa watoto. Anna Sewell, aliyezaliwa Great Yarmouth, Uingereza, mwaka 1820, aliwalenga masaisi, waendesha teksi za farasi na matajiri wenye magari yao. Alipokuwa na miaka 14 aliteleza siku ya mvua akitoka shule, akaumia vifundo vya miguu, na tangu hapo hakutembea sawasawa tena. Popote alipotaka kwenda ilimbidi aende kwa kigari cha farasi. Miaka ikampita akiwa ameshika hatamu, akimwongoza mnyama kwa maneno, huku akishuhudia barabarani wenzake wakiongoza kwa mjeledi.

Kitabu chake, Black Beauty, alikianza 1871 na kikamchukua miaka kama sita, kwa sababu maradhi yalimlaza muda mrefu. Siku alizopata nafuu aliandika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi. Mama yake, Mary Wright Sewell, naye mtunzi aliyesomwa sana wakati ule, alivikusanya vipande hivyo na kuvinakili kwa hati safi. Msimulizi ni farasi mwenyewe. Ukurasa wa mbele ulitangaza kwamba Anna amefasiri tu kutoka lugha ya farasi. Mojawapo ya maovu aliyoyapigia kelele ni ule ukanda wa kumshikiza farasi kichwa juu ili apendeze mbele ya gari la bwana mkubwa. Farasi aliyefungwa hivyo hawezi kuinamisha shingo akivuta mzigo mlimani, na pumzi humbana.

Kampuni ya Jarrold, ya mji wa Norwich, ilikitoa kitabu mwishoni mwa 1877. Mwandishi alilipwa mara moja, fedha isiyozidi paundi 40, na mambo yakaishia hapo. Aprili 1878 akafariki. Husimuliwa kwamba siku ya maziko mama yake alichungulia dirishani, akawaona farasi wa msafara wamefungwa ukanda uleule, akatoka nje kuamuru wafunguliwe.

Ng'ambo ya bahari, huko Boston, George Angell alikuwa ameanzisha mwaka 1868 chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1890 alikichapa kitabu hicho bila kumwomba mtu ruhusa, maana sheria ya Marekani ilianza kuwalinda waandishi wa nje mwaka 1891. Alikisambaza kwa watu wa mabandani na waendesha magari kama silaha ya kampeni. Watoto walikiokota kwa wakubwa wao na hawakukirudisha.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza gari la mota lilimwondoa farasi mjini. Kazi yake ikapungua, na Waingereza wenye nafasi wakaanza kumfuga kwa ajili ya watoto. Mwaka 1929 ukaundwa Pony Club, chama cha kuwafundisha vijana kupanda farasi na kumtunza. Mwaka huohuo ikatoka riwaya ya Moorland Mousie, ambamo farasi bado anajisimulia.

Mgeuko ulikuja 1936, Joanna Cannan alipoandika A Pony for Jean. Safari hii anayesema ni msichana. Baba yake amefilisika, familia imehamia shamba, na binamu zake wenye uwezo wamempa poni, farasi wa kimo kifupi, ambaye wao hawana haja naye. Wamempachika jina la kile chombo cha mezani cha kusimamishia mikate iliyobanikwa, kwa jinsi mbavu zake zinavyohesabika. Jean anambadilisha jina, anamlisha, anaanguka, anapanda tena. Mtoto asiye na fedha, mnyama asiyetakiwa, jasho, kisha siku ya mashindano: kwa miaka mingi vitabu vya aina hii vilipita njia hiyo.

Waliompokea Cannan kijiti ni mabinti zake wa kuzaa: Josephine, na pacha Diana na Christine, wa ukoo wa Pullein-Thompson. Walikuwa na shule yao ya kupanda farasi kijijini Peppard, Oxfordshire, na wakaandika kwa pamoja It Began with Picotee, iliyotoka 1946 wakati karatasi bado inatolewa kwa mgao. Baada ya hapo kila mmoja alishika kalamu yake, na jumla ya vitabu vyao ilipita 100. Miaka ya 1960 matoleo ya jalada jepesi yalivifikisha kwa watoto ambao hawakuwa na hata mahali pa kumfunga punda.

Marekani nako mambo yalichemka. Walter Farley alianza The Black Stallion akiwa mwanafunzi wa sekondari, na Random House ikaitoa 1941: kijana wa New York anasafiri kwa meli kutoka India, inazama, na anayesalia naye ni farasi dume mweusi aliyepakiwa bandari ya Uarabuni. Kutoka kitabu kimoja vikazaliwa vingine takriban 20.

Marguerite Henry alifuata njia nyingine. Mwaka 1946 alikwenda kisiwa cha Chincoteague, Virginia, ambako kila Julai poni wa mwituni huogeleshwa kuvuka mlango wa bahari na watoto wao kupigwa mnada, fedha ikienda kwa kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Akampenda mtoto mmoja wa farasi, Misty, wa mzee Clarence Beebe, akamnunua kwa dola 150. Mzee alitaka wajukuu zake, Paul na Maureen, waingizwe kitabuni, nao wakaingizwa. Misty of Chincoteague ilichapwa 1947 na Rand McNally, kampuni iliyojulikana zaidi kwa ramani. Misty alipokua alirudishwa kisiwani, na tufani ya Machi 1962 ilipoleta mafuriko alihifadhiwa jikoni mwa akina Beebe akiwa na mimba. Mtoto aliyemzaa akawa kitabu kingine.

Kufikia 1988 wachapishaji walikuwa wamejua wana mtaji mkononi. Mfululizo wa The Saddle Club wa Bonnie Bryant ulianza mwaka huo na kufika vitabu zaidi ya 100. Thoroughbred ya Joanna Campbell, iliyoanza 1991, ilifika 72. Jina la jalada halikuwa lazima la aliyeandika, maana mfululizo ulihitaji mikono mingi kuwahi tarehe za kiwanda.

Uingereza, Michael Morpurgo alikuwa tayari amemrudishia farasi usimulizi, katika War Horse ya 1982, baada ya kuzungumza na mzee wa kijijini kwake Devon aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza. Kwa miaka mingi kitabu hicho hakikuuzwa sana. Mwaka 2007 ukumbi wa National Theatre wa London ulikipandisha jukwaani kwa farasi-vikaragosi waliotengenezwa na Handspring ya Cape Town, na filamu ikafuata 2011.

Sasa waandishi wengi wa fani hii hujichapishia wenyewe, na vitabu vilivyopotea madukani vinarudi kwa njia ya elektroniki. Haki zimerudi kwa mwandishi, pamoja na gharama za mhariri, mchoraji wa jalada na matangazo. Kisichobadilika ni msomaji wake. Binti wa miaka 11 anayepanda farasi anajua mkanda wa tandiko hukazwa mara ya pili kabla ya kupanda, kwa kuwa farasi wengine hujitutumua wakifungwa. Mwandishi akisahau, amempoteza. Sewell aliwajua farasi akiwa kwenye kigari, mabinti wa Cannan wakiwa shuleni kwao, Henry akiwa na Misty uani. Anayetaka kuingia leo aanze bandani, meza ya kuandikia itamsubiri.