Chujio la Mama na Maji ya Mto Thames

Juzi nilimkuta mama uani, amekaa kwenye kigoda, anasugua chujio la maji kwa mswaki uliochakaa. Mnayajua machujio haya: vyombo viwili vya bati vimepandana, unamimina maji juu, ndani kuna vipande vyeupe vya kauri, virefu kama mshumaa, na chini kuna koki. Alilinunua 2015, kipindupindu kilipoibuka Dar es Salaam. Kipande kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ni wa tangu lini, hakuna ajuaye. Yaani huenda kwa miezi tumekuwa tukinywa maji ya bomba vilevile yalivyo, huku tunajiona wasafi! Na kuchemsha tuliacha siku nyingi, gesi ghali.

Mimi na ugonjwa wangu wa uandishi, badala ya kwenda dukani nikaanza kuchimba: nani aliyeanza biashara hii? Mama akasema, "Mwanangu, habari za Wazungu utaandika kesho. Leo nenda dukani." Nikaandika kwanza.

Turudi London, miaka ya 1820. Maji ya jiji yalikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, na nyingi zilivuta kutoka mto Thames, mto uleule uliopokea kinyesi cha jiji. Mwaka 1827 kilitoka kijitabu kikiishutumu kampuni ya Grand Junction kwamba inavuta maji karibu kabisa na mahali mfereji wa maji machafu unapomwagikia. Mwaka uliofuata William Heath akachora katuni ambayo mpaka leo inachekesha: bibi mmoja anatazama tone la maji ya Thames kwa darubini, anaona mazimwi yanaogelea, kikombe cha chai kinamponyoka.

Hofu ya namna hiyo ni soko. John Doulton alikuwa mfinyanzi wa Lambeth, kando ya mto huohuo, ambako mwaka 1815 aliweka akiba yake ya pauni 100 katika kiwanda kidogo cha vyombo. Kiwanda hicho kikaingia katika kutengeneza vyombo vya kuchujia maji. Kuna hadithi inayorudiwa sana na wauzaji kwamba Malkia Victoria aliagiza chujio la Doulton mwaka 1835. Jamani, Victoria alianza kuwa malkia 1837! Historia ya kampuni inayosimuliwa na kampuni yenyewe isomwe na kalenda mkononi.

Lakini lililonikamata ni hili. Mwaka 1846 mtoto wa John, Henry Doulton, alianza kufyatua mabomba ya kauri ya maji taka. Ukoo mmoja ukawa unauza vitu viwili: chujio kwa mwenye pesa anayetaka kujiokoa yeye na wanawe, na bomba kwa jiji zima. Kilichoikomboa London ni hicho cha pili. Sheria ya 1852 ilizilazimisha kampuni kuchuja maji kwa mchanga kabla ya kuyauza, na kutovuta tena sehemu ya chini ya mto. Baada ya uvundo wa 1858, uliowafikia hadi wabunge katika viti vyao, mhandisi Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya maji taka. Kipindupindu kikubwa cha mwisho, mwaka 1866, kiliwaua zaidi watu wa East End, maskini, ambako mifereji ilikuwa haijakamilika na kampuni yao ya maji ilipeleka maji yasiyochujwa.

Na hayo machujio ya sebuleni? Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchunguzi wa machujio ya nyumbani. Mengi yalipitisha vijidudu kama kawaida. Maji yalitoka maangavu, ya kupendeza, na yanaua. Lililosifiwa ni lile la Chamberland, msaidizi wa Pasteur huko Ufaransa, lililokuwa na kauri yenye vitundu vidogo sana.

Hamburg nako, 1892, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000. Jirani yao Altona, waliokunywa maji ya mto huohuo wa Elbe ila yamepitishwa kwenye mchanga na mji wenyewe, waliponea kwa kiasi kikubwa. Mpaka wa miji hiyo ulikuwa mtaa tu, upande huu misiba, upande ule watu wanakwenda kazini.

Sasa karibu nyumbani. Mwaka 2011 kampuni ya Vestergaard Frandsen iligawa bure machujio ya LifeStraw yapatayo 880,000 magharibi mwa Kenya. Bure? Faida ilitegemewa kutokana na kuuza hati za hewa ukaa: familia ikipata chujio haitachoma kuni kuchemsha maji, kwa hiyo moshi umepungua. Wakosoaji wakauliza swali ambalo hata mama angeliuliza: na wale ambao hawakuwa wakichemsha kabisa? Utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba miaka miwili mitatu baadaye ni kama kaya 19 tu katika kila 100 zilizokuwa bado zinalitumia.

Siyadharau machujio. Likiwa zima, chujio zuri linasaidia kweli, na mwaka 2015 nilifurahi Dk. Askwar Hilonga wa Arusha aliposhinda tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chujio lake. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba maji salama ni shauri la kila mtu jikoni kwake, wakati bomba nimelilipia.

Jioni nilikwenda dukani. Mama akakizamisha kipande kipya kwenye beseni, akakigeuza polepole kutafuta mapovu. Hayakuonekana. Akakifunga, akajaza maji, halafu akainjika sufuria kubwa jikoni. "Ya kunywa leo tunachemsha," akasema.

Nyie kwenu mnafanyaje?