Gesi ya molekuli

Gesi ya molekuli ni gesi baridi iliyopo kati ya nyota za galaksi, ambamo atomi zimeungana kuwa molekuli. Karibu yote ni hidrojeni ya atomi mbili (H₂). Hukusanyika katika mawingu yenye vumbi, na ndani ya mawingu hayo nyota mpya huzaliwa. Galaksi iliyoishiwa gesi hiyo haizai nyota tena.

Kuonekana kwake

Mtazamaji aliyeko Bagamoyo au Saadani, mbali na taa za Dar es Salaam, anaweza kutambua mawingu hayo kwa macho matupu. Jioni za Juni hadi Agosti, Njia Nyeupe inapopita juu katika makundinyota ya Nge na Mshale, huonekana mabaka meusi ndani yake. Si mahali pasipo na nyota. Ni vumbi linaloziba mwanga wa nyota zilizo nyuma.

Upimaji

Mawingu haya yana halijoto ya kelvini 10 hadi 20 tu, na katika baridi hiyo H₂ haitoi karibu mnururisho wowote. Kwa hiyo wanaastronomia hupima monoksidi ya kaboni (CO) iliyochanganyika nayo kwa kiasi kidogo. Wilson, Jefferts na Penzias waligundua mawimbi yake ya milimita 2.6 katika Nebula ya Jabari mwaka 1970. Ni sawa na kukadiria pilau kwa kuhesabu iliki: hesabu inafaa ikiwa inajulikana mpishi alitia ngapi kwa kila kilo ya mchele.

Njia nyingine ilipata msaada kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 15 Novemba 1972 satelaiti SAS-2 ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililopo baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilionyesha mionzi ya gamma ikitoka kwenye bapa la Njia Nyeupe. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo hutokea pale miale ya kosmiki inapogonga viini vya hidrojeni, iwe ya atomi au ya molekuli, hivyo hata gesi iliyofichika hujulikana. SAS-2 ilinyamaza Juni 1973 kwa hitilafu ya umeme, lakini satelaiti zilizofuata zilitumia njia hiyo kusahihisha makadirio ya CO.

Nafasi yake katika mabadiliko ya galaksi

Njia Nyeupe ina gesi ya molekuli yenye masi ya takriban Jua bilioni 1, na kila mwaka hutengeneza nyota zenye masi ya Jua 1 hadi 2. Kwa mwendo huo akiba ingekwisha kabla ya miaka bilioni 1 au karibu na hapo, ilhali galaksi yetu ina umri unaozidi miaka bilioni 10. Maana yake ni kwamba gesi mpya huingia kutoka nje.

Miaka bilioni 10 iliyopita galaksi nyingi zilikuwa na gesi hiyo kwa wingi zaidi, nazo zilizaa nyota kwa kasi kubwa kuliko leo. Galaksi duaradufu za sasa zina kidogo sana. Milipuko ya supanova na mashimo meusi makubwa huweza kuifukuza gesi au kuipasha joto isipoe tena; ni kipi kinachotangulia kuzima galaksi, bado wataalamu wanabishana.